Naomba ushauri: Shamba la misindano Mufindi, niuze sasa au kuna msaada wa Serikali nikaweza kusubiri?

Nyumbani Mufindi:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mnaojua mambo ya miti, maana nina mawazo mpaka usingizi umekata.

Mzee wetu alituachia shamba la misindano (mipaini) ekari 12 huko Mufindi, upande wa Igowole, na kipande cha milingoti (mikaratusi) bondeni. Misindano ilipandwa msimu wa 2015/16 kwa miche bora, ile iliyokuja kupitia vikundi wakati wa mpango wa Panda Miti Kibiashara. Mimi niko Dar, kazi yangu ya mkataba na mkataba unaelekea kuisha. Mama anaumwa presha na figo, kliniki haiishi.

Kuna mnunuzi anataka shamba zima kwa mkupuo, miti ikiwa imesimama, milioni 18. Analeta dingdong yake (mashine ya kupasulia mbao) na vibarua wake, mimi sishiki hata panga. Roho moja inaniambia chukua, nyingine inasema miti bado michanga. Nasikia Serikali ina mipango ya kuwasaidia wenye mashamba ya miti: TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), Mfuko wa Misitu, mabwana misitu wa halmashauri. Je, kuna mkopo au ruzuku ambayo mtu kama mimi anaweza kupata akasubiri miti ikomae? Nani wa kumuona? Matusi sitaki tafadhali.

Chapa Kazi:
Uza mkuu, hela iliyo mkononi ndiyo yako. Mjomba wangu Makete alisubiri miti yake ikomae, mwezi wa kumi jirani kachoma mabua ya mahindi, upepo ukageuka, kufika jioni mjomba amekaa kwenye kisiki anaangalia moshi. Hakuna bima, hakuna fidia, jirani mwenyewe alikuwa shemeji yake. Tangu siku hiyo mimi nafuga kuku, na kuku nikiona hali mbaya nawala.

Mama Kilolo:
Vijana mnaokaa Dar mna tabia moja, mnakumbuka shamba siku ya kuuza. Nani analima barabara za kuzuia moto? Nani anapogolea? Mwanangu, miti haijioteshi yenyewe. Mimi nina ekari zangu 5 Kilolo, kila kiangazi kikianza tunatoka na majirani kufyeka kinga, na chakula nawapikia mwenyewe. Na hiyo milingoti ya bondeni iko mita ngapi kutoka kwenye maji? Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60. Kwetu tumeshaamrishwa kuing'oa yote iliyokuwa kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni.

Nyumbani Mufindi:
Mama shikamoo. Ile ya bondeni alipanda mzee zamani, kabla watu hawajaanza kufuatilia vyanzo vya maji. Naomba tubaki kwenye misindano.

Mpima Magogo:
Kamwene ndugu. Nimefanya kazi ya misitu huku Nyanda za Juu Kusini muda mrefu, acha nikujibu ulichouliza.

Kwanza bei. Usiuze miti kwa ekari. Ikiwa ilipandwa mita 3 kwa 3, ekari moja inaingia miche 450 hivi. Tuseme iliyosimama leo ni 400. Milioni 18 gawa kwa ekari 12 ni milioni 1.5 kwa ekari, gawa kwa 400 unapata shilingi 3,750 kwa mti. Unauza msindano kwa bei ya soda chache. Msindano wa miaka 9 kwa kawaida bado una kipenyo chini ya sentimita 20 ukipima kimo cha kifua, mbao zake ni laini na zinapinda zikikauka. Ndiyo maana anakupa hela hiyo, na ndiyo maana anataka haraka. Mashamba ya Serikali kama Sao Hill, yenye eneo la zaidi ya hekta 130,000 hapo hapo Mufindi, huacha msindano ufike kati ya miaka 18 na 25. Sisi wakulima wadogo tunavuna nusu ya umri, halafu tunalalamika kwamba mbao zetu hazina soko.

Pili, msaada. Watu wanachanganya ofisi. Bwana misitu wa wilaya yuko chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). TFS iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kazi yake kubwa ni misitu na mashamba ya Serikali, ingawa inatoa miche na ushauri kwa wananchi. Mfuko wa Misitu Tanzania uliundwa na Sheria ya Misitu ya 2002, unatoa ruzuku kwa maombi ya maandishi, watu binafsi na vikundi. Lakini ruzuku ile ni ya kazi ya misitu: vitalu, kupanda, kuhifadhi, mafunzo. Haikupi hela ya kula wakati unasubiri mti unenepe. Panda Miti Kibiashara, ule mpango wa Tanzania na Finland ulioanza 2014, haukuwa mpango wa kugawa fedha mkononi. Ulipita kwenye vikundi vya wakulima wa miti, na vikundi hivyo sasa vina umoja wao. Kwa shamba la namna yako mlango ni kikundi. Mwanachama anapata mafunzo, anapimiwa miti, anauza pamoja na wenzake badala ya kukutana na mnunuzi peke yake.

Sasa nikuulize mambo matatu. Daftari la kikundi lina jina la nani? Mirathi ya mzee imefunguliwa? Na huyo mnunuzi umeshapokea chochote kwake?

Nyeri Juu:
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Serikali ilipiga marufuku uvunaji kwenye misitu ya umma Februari 2018, ikaja kuachia 2023. Kwa wenye viwanda ilikuwa msiba, lakini kwetu wenye mikima (grevillea) ya shambani wanunuzi walianza kutubishia mlangoni alfajiri. Baba yangu aliuza miti ya mpakani akajenga nyumba ya mawe. Jirani aliyekuwa ameuza mwaka mmoja kabla hadi leo hapendi hiyo hadithi isimuliwe. Kwa hivyo mimi nasema ngoja, ndugu. Soko la mbao hubadilika kwa tangazo moja la waziri.

Nyumbani Mufindi:
Mpima Magogo asante sana, hesabu yako imenigusa. Kuhusu maswali: tuko watoto wawili, mimi na dada yangu, yeye yuko kijijini na mama. Mirathi hatujafungua, hatukuona haja, tangu mzee afariki 2013 hatujawahi kugombana hata siku moja. Kikundi kipo. Mambo ya familia tutayamaliza wenyewe. Nilichotaka kujua ni kama huo Mfuko unaweza kufikiria ombi la mtu mmoja.

Wakili wa Kijiweni:
Umejibu moja na nusu. La tatu umeliruka.

Mama Kilolo:
Nami nimeona.

Nyumbani Mufindi:
Sawa. Nimepokea milioni 4. Mama alilazwa, hospitali wanataka hela kabla ya yote, mlitaka nifanye nini? Ningempigia nani saa nane ya usiku? Mnunuzi ndiye aliyetuma, na alituma papo hapo, ndugu zetu wengine walisema wanamwombea. Baada ya hapo alikuja na karatasi, tukasaini mimi na yeye na shahidi mmoja wa upande wake. Ni makubaliano ya kawaida tu ya kununua miti. Na sioni ubaya, kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kiume na ndiye niliyekuwa natuma hela ya palizi.

Chapa Kazi:
Basi mkuu hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Wakili wa Kijiweni:
Karatasi imekuandika kama nani? Mrithi? Msimamizi wa mirathi? Mwenye shamba?

Nyumbani Mufindi:
Imeandikwa "mmiliki pekee". Aliyeandika ni yeye, mimi nilikuwa wodini na mgonjwa. Kila mkataba huwa na maneno kama hayo.

Wakili wa Kijiweni:
Si kila mkataba. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na kwa shamba la kijijini mara nyingi Mahakama ya Mwanzo inatosha: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu, tangazo, basi. Kabla ya hapo hakuna wa kujiita mwenyewe, awe wa kiume au wa kike. Mtoto wa kiume hapati cheo mahakamani kwa kuzaliwa.

Mswahili wa Joensuu:
Niko Finland nasoma mambo ya misitu, niongeze kidogo kwa sababu wao ndio waliochangia ule mpango wa Mufindi na Njombe. Huku zaidi ya nusu ya misitu ni ya familia za kawaida. Serikali ina kituo chake cha misitu chenye wataalamu wa kumshauri mwenye msitu, na ina ruzuku: hadi 2023 mpango uliitwa Kemera, tangu 2024 ni Metka. Ukihudumia miti michanga, unarudishiwa sehemu ya gharama. Lakini angalia hili. Msitu ukiwa mali ya marehemu ambayo haijagawanywa, warithi wote lazima wakubali ndipo miti iuzwe. Kiangazi kimoja nilikuwa napanda miche kwa familia yenye warithi watano, mmoja alikuwa amehamia Australia. Magogo yalibaki yamesimama mpaka sahihi yake ipatikane. Hakuna aliyemuona mnunuzi mkorofi wala mrithi mkorofi, ndivyo kazi inavyokwenda. Halafu mbu wa huku, ndugu zangu, nimetoka Kilombero lakini mbu wa kiangazi cha Finland sijawahi kuona.

Mzee wa Tarehe:
Samahani wanajamvi, naona tunamwagiwa chai na wote tumeshika vikombe. Rudini mkasome tena.

Posti ya kwanza: "Mzee wetu alituachia shamba la misindano." Ilipandwa msimu wa 2015/16. Posti yake ya tatu: mzee kafariki 2013. Na Panda Miti Kibiashara, kama Mpima Magogo alivyosema, imeanza 2014. Marehemu alijiunga na kikundi vipi? Alipanda na mikono gani? Aidha huyu bwana hana shamba lolote, au ni dalali anapima maji, anataka kujua bei ipi wenye miti wataanza kukataa. Nimeshawaona wa hivi: anafungua uzi wa huruma, mama mgonjwa, milioni 18, wataalamu wanamwaga hesabu bure, kesho anaingia kijijini akiwa ameshajua mkulima anajua nini.

Chapa Kazi:
Duh! Tarehe hazidanganyi. Mleta uzi njoo.

Mama Kilolo:
Kama mama mgonjwa ni wa kubuni, Mungu akusamehe. Nilishaanza kumuombea.

Nyeri Juu:
Haki mimi nimeeleza mpaka nyumba ya baba yangu.

Mpima Magogo:
Tusimhukumu kabla hajajibu. Nilichosema kuhusu bei kipo wazi, hata dalali akikisoma hakitamsaidia kumdanganya mkulima anayehesabu miti yake. Ila Mzee wa Tarehe ana hoja. Ndiyo maana nilianza na swali la daftari.

Nyumbani Mufindi:
Mimi sio dalali na mama yangu sio wa kubuni. Leo hii nimetoka kumpeleka kliniki.

Haya, sikilizeni. Mzee aliacha ardhi. Ilikuwa vichaka na miwati mizee. Aliyepanda misindano ni dada. Yeye ndiye aliyejiunga na kikundi, jina la kwenye daftari ni lake, miche ilitoka kwa jina lake, mafunzo ya kupogolea alihudhuria yeye. Moto wa mwaka juzi ulipokuja kutoka ng'ambo ya mto, alikuwepo yeye na wanawake wa kikundi, wameupiga na matawi mabichi mpaka ukasimama kwenye barabara ya moto aliyoilima. Nilionyeshwa picha, kanga yake imeungua pindo.

Sikuandika hivyo mwanzoni kwa sababu najua mngesema nini. Lakini ardhi ni ya baba yetu sote, na mimi nilituma hela ya vibarua miaka mingi, na hela ya hospitali ni mimi pia. Dada hana kipato cha kumtibu mama. Kwa hiyo niliposema "mtu kama mimi", nilimaanisha mtu ambaye hayuko kwenye kikundi. Bado nauliza: kuna msaada wowote unaoweza kumfikia mtu wa hivyo moja kwa moja, bila kupitia daftari?

Mzee wa Tarehe:
Hapo nimekuelewa, chai naiondoa mezani. Lakini dada yako hajui, sivyo?

Nyumbani Mufindi:
Hajui. Nilipanga kumwambia hela yote ikishatoka, nimpe sehemu yake.

Mama Kilolo:
Mwanangu, mimi ndiye huyo dada. Kaka yangu aliuza milingoti yangu niko kwenye msiba wa upande wa mume wangu. Nimerudi nakuta visiki, utomvu bado unatoka. Aliniletea bahasha na kitenge. Kitenge sijakivaa mpaka leo, na kaka yangu tunasalimiana kanisani tu. Sikuwa nalilia hela. Ile miti nilikuwa naijua mmoja mmoja, upi ulipandwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulikaushwa na jua la Februari, upi uliinama ukanyooka. Mpigie dada yako usiku huu huu.

Wakili wa Kijiweni:
Kwa upande wa haki: ardhi ni ya mirathi, hilo uko sawa. Lakini mrithi aliyeendeleza ardhi kwa jasho lake anaweza kudai maendelezo yake, na miti ya ekari 12 ni maendelezo makubwa. Ukivuna bila yeye, kesi inakuwa dhidi yako, wala si dhidi ya mnunuzi tu.

Mpima Magogo:
Ongeza na hili. Mbao hazitoki kijijini kwa karatasi yenu ya wawili. Hata kwa miti ya mtu binafsi, ofisi ya kijiji lazima ithibitishe miti ni ya nani, halmashauri ina ushuru wake, halafu mzigo unahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu na alama ya nyundo ya maliasili inayogongwa kwenye mbao. Mrabaha ule mkubwa ni wa miti ya misitu ya Serikali, lakini hati na ukaguzi vinatuhusu wote. Mtendaji wa kijiji anamjua dada yako kama mwenye shamba. Siku dingdong inapanda mlima, dada yako ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Kwa hiyo hilo jambo la kumwambia baadaye halipo. Atajua kabla mti wa kwanza haujaanguka.

Na swali lako la msaada wa kumfikia mtu bila daftari, jibu langu ni hapana. Msaada wa shamba lile upo, ila uko kwa dada yako: bwana misitu wa wilaya anamjua, kikundi kinamjua, na hata ombi la Mfuko wa Misitu litakuwa na nguvu likiandikwa na kikundi chenye shamba linaloonekana. Wewe ukiandika ukiwa Dar, watakuuliza shamba liko wapi na nani analitunza, na utarudi kwenye jina lile lile.

Nyumbani Mufindi:
Nimempigia. Alikaa kimya, nikadhani simu imekata. Halafu akaniambia anajua, mnunuzi alishapita kwa mwenyekiti wa kitongoji kuulizia njia ya gari. Alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe. Hakugomba. Amesema mirathi tufungue mama akiwa hai na akili zake timamu, na hospitali tutalipa wote. Miti hauzi.

Tatizo limebaki moja, na hapa sihitaji mawaidha. Ile milioni 4 imeshaingia hospitali. Mnunuzi anataka miti au hela yake. Hela sina.

Chapa Kazi:
Mimi kuku wangu siuzi, nakuambia mapema.

Mpima Magogo:
Hapa sasa tunaweza kufanya kazi. Shamba limeshapunguziwa miti hata mara moja?

Nyumbani Mufindi:
Dada anasema limepogolewa tu, halijapunguziwa. Walikuwa wanasubiri bwana misitu aje kwa wanachama wote.

Mpima Magogo:
Basi muda wake umefika na hata umepita kidogo. Miti inabanana, inagombania mwanga, inarefuka bila kunenepa. Shamba la kusubiri mbao nzuri linahitaji kupunguziwa. Inayotolewa ni ile iliyopinda, iliyogawanyika vichwa viwili na iliyozidiwa na jirani zake. Hiyo ina soko: mirunda ya ujenzi, fito, mbao ndogo. Kaeni na mnunuzi, dada yako akiwepo pamoja na kiongozi wa kikundi na mtendaji, mfute karatasi ya kwanza, muandike nyingine: ile milioni 4 ni malipo ya miti ya kupunguzia, kwa idadi, kwa bei ya mti mmoja mtakayokubaliana. Ikizidi, anaongeza hela. Ikipungua, deni linaandikwa na tarehe yake. Akikataa, mwambie aende na ile karatasi ya mmiliki pekee kwa mtendaji aone kama itampa hati.

Wakili wa Kijiweni:
Na kwenye karatasi mpya msaini wote wawili kama warithi, na muandike kwamba mirathi inafunguliwa. Msirudie neno "pekee".

Nyumbani Mufindi:
Akiingia shambani si atakata na mingine? Mimi niko Dar, dada atasimama peke yake na watu wenye mashine?

Mama Kilolo:
Hatasimama peke yake. Wale wanawake waliozima moto naye wapo.

Mpima Magogo:
Kumchagulia mnunuzi miti ndiyo kazi yenyewe, usimwachie achague. Atabeba minene akuachieni fito. Mwambie dada apite na bwana misitu kabla dingdong haijafika, kila mti wa kutoka aupake rangi ya mafuta sehemu mbili: kimo cha kifua ili mkataji aione, na chini kabisa kwenye shina, usawa wa ardhi, ili alama ibaki kwenye kisiki. Wakimaliza, kikundi kinapita kuhesabu visiki. Visiki vyenye rangi vinaingia kwenye hesabu ya milioni 4. Visivyo na rangi mnavipiga picha siku hiyo hiyo na kumpelekea mtendaji kabla gari halijagongewa nyundo.

Nyumbani Mufindi:
Nimemtumia dada ujumbe wote huu. Amejibu kwamba rangi nyekundu iliyobaki kwenye milango ya nyumba ya mama ipo, lita kama mbili, anauliza kama itatosha ekari 12.

Mpima Magogo:
Haitoshi. Anunue lita 4 zaidi, na risiti aitunze, gharama hiyo ni ya mnunuzi.